Nilienda kumpigia Mkenya mwenzangu nikajikuta 34B: rivyu ya kura za bunge la Minnesota

Mikahawa nimeshaiandikia rivyu, fundi wa breki pia, hata yule mama anayeuza viazi karai kwa kuleta nyumbani nilimwandikia. Leo wacha niandikie uchaguzi. Si ule wa rais, huo kila mtu ana maneno yake na mimi sitaki vita. Nazungumzia ile sehemu ya chini kwenye karatasi ambayo wengi wetu tunairuka, yaani wabunge wa jimbo, huku Minnesota, Marekani. Hiyo huduma nimeitumia mara mbili, Novemba 5, 2024 halafu tena Septemba 16, 2025, na sikutegemea hata kidogo kuwa ningeitumia tena mapema hivyo.

Mimi ni wa Kisauni, naishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, kazi yangu kuangalia wazee shifti ya usiku. Uraia nimeapa 2024, kwa hiyo hiyo Novemba ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza huku na nilikuwa nimejiandaa kama siku ya Idi, kasoro sikulala. Na kabla sijaendelea, nyinyi wa green card mnaosoma hapa, hii rivyu someni tu lakini msijaribu. Anayepiga kura ni raia peke yake. Mtu akikutolea fomu ya kujiandikisha pale sokoni au kwenye sherehe usisaini kwa ubishi wala kwa kuona haya, itakutokea puani siku ya intavyuu yako ya uraia na wakili hatakuwa na la kukusaidia.

Sasa huduma yenyewe iko hivi. Bunge la Minnesota ni nyumba mbili, Seneti ina viti 67 na House ina viti 134. Ukiona 134 ni 67 mara mbili hujakosea, kila eneo la seneta limepasuliwa katikati likatoka A na B, ndiyo maana unasikia 34A, 34B, 38A, 38B kama vyumba vya lojing'i. Kila kipande kina watu kama 42,600 hivi. Ramani wanaichora upya kila baada ya sensa, na hii ya sasa ilitoka kortini 2022 manake wabunge wenyewe walishindwa kuelewana. Nawaambia haya mapema sababu mimi hakuna aliyeniambia na nililipa kwa usingizi wangu.

Wiki mbili kabla ya kura groupu zetu za WhatsApp zilikuwa ni Huldah, Huldah, Huldah. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, anagombea House kwa tiketi ya DFL, ndio hao Democrats wa huku, jina refu kidogo sababu chama cha wakulima na vibarua kiliungana nao zamani. Akishinda atakuwa Mkenya wa kwanza kuingia bunge la Minnesota. Sasa binamu yangu anakaa ng'ambo ya barabara kubwa, mimi nikitoka kwangu nikavuka taa mbili nimefika kwake, akanipigia simu, dada, usisumbuke kutafuta kituo chako, njoo kwetu tupige pamoja halafu tunywe chai. Nikasema sawa. Brooklyn Park ni Brooklyn Park, si ndiyo?

Nimetoka kazini saa moja asubuhi, bado na unifomu, macho mekundu, nikajipanga kwenye foleni ya watu kama thelathini. Foleni inatembea, hilo nawapa. Mlangoni kuna mama mtu mzima anakusalimia kama anayekukaribisha harusini. Nikafika mezani, karani akanitafuta kwenye tableti, hanioni. Nikampa anwani. Akaangalia, akaangalia tena, akasema pole, hapa si kwako, kwako ni kituo kingine. Akaniandikia jina la kituo kwenye kikaratasi, nikaendesha gari mpaka huko, nako nikaambiwa si hapa pia, yule wa kwanza kanisomea mstari wa juu badala ya mstari wa chini. Wallahi nilikaribia kwenda kulala. Kituo sikitaji jina manake yule karani alionekana amechoka kunishinda mimi, ila hapo nimekata nyota moja na sirudishi.

Kituo cha tatu ndicho changu. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba mimi si wa 38A. Ule mstari umepita kwenye barabara ninayovuka kwenda kuomba chumvi kwa binamu. Yeye 38A, mimi 34B. Huldah kwenye karatasi yangu hayuko, hata ningeitafuta kwa darubini. Nilimwuliza karani, akacheka kwa adabu, akasema hilo huwatokea wengi na kwamba ofisi ya katibu wa jimbo ina ukurasa ambao ukiweka anwani yako unakuonyesha kituo chako na mfano wa karatasi yako yote na majina, kabla hujatoka nyumbani. Sasa nimeujua. Nikaujaribu kwenye simu papo hapo, haukuchukua hata dakika. Huo ukurasa nyota tano kavu, mimi ndiye wa nyota moja kwa kutouangalia.

Basi ikaja habari ya kujiandikisha. Nilikuwa nimehama miezi mitatu nyuma, laiseni yangu ina anwani ya zamani. Nikajua hapa sasa narudishwa nyumbani. Kumbe Minnesota wanakuandikisha siku hiyo hiyo ya kura, wanafanya hivyo tangu 1974, unatoa laiseni yako na bili yenye anwani mpya, na bili yangu ya stima niliionyesha kwenye simu wakaikubali. Aliyekuwa mbele yangu hakuwa na karatasi yoyote ya anwani, akaja jirani yake aliyesajiliwa kwenye wodi ile ile akaapa kwamba huyu namjua anakaa pale, wakamwandikisha. Mtu mmoja anaweza kuwaapia watu 8. Nikakumbuka kwetu, jina likikosekana kwenye daftari hata chifu aje na mkewe hupigi.

Kazini vilevile, ikiwa una shifti ya mchana usikubali kutishwa na supavaiza. Sheria ya jimbo hili inakuruhusu kutoka uende ukapige kura urudi na mshahara haukatwi. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, na ukiwa kwenye foleni saa mbili inapogonga unapiga tu hata kama foleni inazunguka jengo.

Karatasi yenyewe sasa. Nyumbani tunapewa karatasi sita, kila moja na rangi yake na picha za watu, unamtambua mtu wako hata kama huwezi kusoma. Huku ni moja, ndefu, pande mbili, hakuna picha hata ya paka. Rais juu, kisha seneta wa Washington, mbunge wa Washington, halafu ndiyo anakuja huyu wa House ya jimbo, katikati pale ambapo jicho limeshaanza kuchoka. Unajaza kiduara kwa kalamu nyeusi. Nyuma nikakuta safu ya mahakimu, karibu wote hawana mpinzani, sijui walitaka nifanye nini hapo. Halafu kulikuwa na swali la katiba kuhusu pesa za bahati nasibu ziende kwenye mazingira, na hili lina mtego ambao hawakuuandika kwa herufi kubwa za kutosha. Ukiliacha wazi, imehesabika umesema hapana. Mimi nililiacha wazi nikidhani nakuwa na heshima kwa jambo nisilolijua. Lilipita hata hivyo, watu wengi mno walisema ndiyo, lakini mpaka leo najihisi mjinga.

Na huko kwenye vibanda ndipo ilipotokea ile kitu ambayo ndiyo imenifanya niandike hii rivyu. Kulikuwa na mzee mmoja, suti ya kahawia, kofia ameishika mkononi, amesimama na karatasi yake kama mtu aliyepewa barua ya hospitali. Karani anamwuliza kitu kwa Kiingereza, mzee anaitikia kwa kichwa tu. Mezani niliona maelekezo ya Kisomali, Kihmong na Kihispania, Kiswahili mimi sikukiona hapo. Nikamsikia anajisemea pole pole, Kiswahili cha Kongo hicho. Nikamwambia, baba, shikamoo, nikusaidie? Akaniangalia unifomu, sijui alidhani mimi ni nesi wa kituo.

Nikamwuliza karani naruhusiwa? Akasema anaruhusiwa kuja na yeyote amtakaye, mradi wewe si bosi wake wala mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Tukaingia kibandani wawili, nikawa namsomea jina moja moja na chama, yeye anaweka kidole chake chini ya jina asipotee. Tulipogeuza upande wa pili akaona lile safu la mahakimu akashusha karatasi. "Mama, hawa batu bote ni banani?" Nikamwambia mahakimu. "Na njo mimi nabachakua?" Nikamwambia ndiyo baba, huku mahakimu tunawachagua. Alinyamaza kama dakika nzima. Kisha akasema, basi kule kwetu yeye ndiye aliyekuwa akichaguliwa na mahakimu, na akacheka, nikacheka na mimi mpaka karani akatuangalia. Alichojaza hakiwahusu nyinyi na mimi nimeshakisahau. Karatasi akaitia mwenyewe kwenye mashine, ikalia, namba ikapanda moja, akapewa ile stika nyekundu akaibandika kwenye kofia badala ya kifua.

Kwa hiyo kwa lugha nawapa nyota mbili na nusu. Ruhusa ya kusaidiana ni nzuri sana, lakini isingekuwa mimi kupotea vituo viwili asubuhi ile, mzee angepata nani?

Nikarudi nyumbani nikalala mpaka jioni. Nilipoamka Huldah alikuwa anaongoza, usiku ule ule ikajulikana ameshinda 38A, binamu ananipigia simu anapiga vigelegele mwanamume mzima, na mimi nafurahi huku moyoni nasema sikuchangia hata kiduara kimoja. Kwangu 34B alirudi Melissa Hortman, aliyekuwa spika tangu 2019. Simfahamu, nilimjua kwa vipeperushi vya kwenye sanduku la posta tu. Lakini ukiuliza ni kwa nini watoto wote wa shule za huku wanakula bure, na kwa nini kuanzia Oktoba 2023 watu wasio na makaratasi wanaweza kupata laiseni ya kuendesha gari, hayo yalipitishwa 2023 yeye akiwa kwenye kiti. Watu kwenye groupu wanajua jina la mke wa kila gavana wa Kenya na hawajui hilo.

Sasa ngojeni niwaambie hesabu ilivyokwenda, manake hapa ndipo huduma hii ilipoharibika na ikatengenezwa mbele ya macho yetu. Matokeo yakatoka 67 kwa 67. Sare. Haijatokea tangu 1979. Yaani viti 134 na kila chama nusu yake kamili, hata ukigawa sahani ya pilau hupati usawa huo. Ghafla kila kieneo kidogo kikawa kama fainali.

Shakopee, distrikti 54A, Brad Tabke wa DFL alishinda kwa kura 14. Kumi na nne! Hao hawajazi hata matatu ya Bamburi bila makonda na kupaki watu. Halafu ikagundulika kura 20 za watu waliopiga mapema zilipokelewa lakini hazikuhesabiwa, na inaelekea zilitupwa. Kesi ikaenda kortini, na wapiga kura wenyewe wakaitwa, wakasema waliopigia, wakatokea 6 wanaosema walimpigia Tabke. Fanyeni hesabu, ukitoa hao 6 kwenye 20 zinabaki 14, hata zote zingekuwa za mpinzani Tabke angebaki mbele kwa kura 6, mpinzani hawezi kumpita. Hakimu akamwachia Tabke kiti. Mimi hapo nimegawanyika. Kutupa kura 20 ni aibu, kwetu tungeshaanza kuchoma matairi. Lakini kwamba zilihesabika kukosekana, karatasi kwa karatasi, na jambo likaisha kwa mahojiano na jaji bila jiwe hata moja kurushwa, hilo nalo lazima niliandike.

Roseville huko, 40B, ni kichekesho kingine. Aliyeshinda alishinda kwa mbali sana, korti ikasema hakuwa akiishi kwenye distrikti kama sheria inavyotaka, alikuwa amekodi fleti lakini hakuhamia. Kiti kikawa kitupu. Kwa hiyo Januari 2025 Republican wakawa 67 na DFL 66, wa DFL wakakataa kuingia bungeni kabisa, wakasema akidi ni 68 na bila sisi hamfiki. Wenzao wakaendelea peke yao wakamchagua spika, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hapana, akidi ni 68, futeni. Wiki tatu hivi wabunge wanalipwa na House haina kikao halali, na mshahara wao wakati huo ulikuwa kama dola 51,750 kwa mwaka. Mimi nikikosa shifti tatu natumiwa barua. Mwishowe Februari wakakubaliana, Lisa Demuth wa Republican akawa spika, kamati zikawa na wenyeviti wawili wawili. Machi 11 Roseville wakapiga kura upya, DFL wakakirudisha kiti, tukawa 67 kwa 67 tena. Nyota kwa kipindi hicho sina, nawapa stika.

Kusema kweli hapo nilitaka kuimaliza hii rivyu, ingekuwa ya kuchekesha. Nilishaiandika nusu kwenye simu mwezi wa tano.

Juni 14, Jumamosi alfajiri, niko kazini namgeuza mzee wangu mmoja kitandani, simu za watu wote zikalia kwa pamoja ule mlio wa hatari. Watu wa Brooklyn Park wabaki ndani, na polisi akija mlangoni usifungue mpaka upige 911 uhakikishe. Nikasoma mara tatu. Usimfungulie polisi? Binamu akanitumia ujumbe, uko wapi, usirudi nyumbani. Nikakaa kazini masaa mengine matano, msimamizi akanipa chai na blanketi.

Mtu aliyevaa kama polisi alikuwa amekwenda Champlin kwanza, nyumbani kwa seneta John Hoffman, akampiga risasi yeye na mkewe, wakapona kwa kudra ya Mungu. Kisha akaja kwetu akamwua Melissa Hortman na mumewe Mark, nyumbani kwao. Hoffman ndiye seneta wa 34. Hortman ndiye wa 34B. Yaani ukichukua ile karatasi ndogo inayokuonyesha anayekuwakilisha bungeni, wangu wote wawili walipigwa risasi usiku mmoja. Mimi ambaye nilinuna Novemba sababu niliangukia upande mbaya wa barabara.

Siku tano kabla ya hapo, Juni 9, Hortman alikuwa amepiga kura ambayo sisi wahamiaji tuliongea sana juu yake. Bima ya afya ya jimbo kwa watu wazima wasio na makaratasi, ambayo chama chake ndicho kilichoileta, Republican walitaka iondolewe ndipo bajeti ipite. Wa DFL wote kwenye House walikataa isipokuwa yeye. Kura 68 kwa 65. Alikubali sababu alishafanya makubaliano na bila hayo serikali ingefungwa, na alipotoka kuongea na waandishi alilia. Nilimkasirikia wakati ule, sitaficha, kuna jamaa zetu waliokuwa wakitegemea hiyo bima kwa dawa za sukari. Nilimwandikia hata imeili, ndefu, kali. Sijui kama aliisoma. Juni 27 wakaweka jeneza lake ndani ya jengo la bunge St. Paul watu waage, mwanamke wa kwanza kwenye historia ya jimbo kupewa heshima hiyo. Nilienda. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Novemba na ilitembea pole pole zaidi, na hakuna aliyelalamika.

Basi ndiyo ikaja Septemba 16, uchaguzi mdogo wa 34B. Mchujo ulikuwa Agosti 12, huo niliukosa, nilikuwa na shifti mbili mfululizo, kosa langu. Safari hii niliangalia ukurasa kwanza, nikaona kituo, nikaona karatasi. Karatasi nzima ilikuwa na kinyang'anyiro kimoja tu, Xp Lee wa DFL, aliyewahi kuwa diwani wa mji wetu, na Ruth Bittner wa Republican. Kituoni hakuna foleni, makarani ni wengi kuliko sisi. Nikataja jina, nikataja anwani, nikasaini kwenye tableti. Kitambulisho hakuna aliyeniomba, ukishasajiliwa wanataka jina na saini yako tu, na hapo najua wengine mtapiga kelele, na mimi mwanzoni nilishangaa. Wakanipa karisiti, karisiti nikampa karani wa pili, akanipa karatasi. Kutoka mlangoni mpaka mashine kulia nilihesabu dakika nne. Kuna mama alikuwa anajaza kiduara chake huku machozi yanamtoka, anajipangusa na mkono wa sweta asilowanishe karatasi. Karani akamletea boksi la tishu akaliweka pembeni ya kibanda, akaondoka bila kusema kitu. Hiyo, kwa mimi ninayefanya kazi ya kuhudumia watu, ndiyo huduma. Nyota tano, na makarani wa kituo changu kama mnasoma hapa, salamu zenu.

Xp Lee alishinda kwa kama asilimia 61, sare ya 67 kwa 67 ikarudi. Kwa wanaotaka kuijaribu hii huduma wenyewe, inayofuata kubwa ni Novemba 3, 2026, na mwaka huo ni House na Seneti zote mbili, viti 201 vyote. Unaweza kupiga mapema siku 46 kabla, hutakiwi kutoa sababu. Angalieni anwani zenu kwanza, hasa nyinyi wa Brooklyn Park, Brooklyn Center na huko Coon Rapids, mistari imepita mpaka nyuma ya duka la Aldi.

Jioni ile ya Septemba nimekaa napika, binamu akapiga simu amekasirika. Ametoka kazini mapema, kaenda kituo chake kile kile cha Novemba, mlango umefungwa.

"Dada, mbona hakuna mtu? Si uchaguzi ni leo?"

"Ni leo. Lakini wewe ni 38A."

"Sasa?"

"Sasa upande wenu hakuna kura leo. Ni sisi tu."

Akanyamaza. Nikamsikia anawasha gari.

"Nilitaka tu nimpigie yule mama," akasema.

Nikamwambia avuke barabara, aje, chai iko jikoni.